Mwembe Umekatwa, Bakuli Limepasuka: Kusoma Dalili za Mbao za Miti ya Matunda Kwenye Mashine ya Kukereza

Mwembe wa shangazi yangu kule Muheza ulikatwa kupisha msingi wa nyumba. Nilipakia magogo matano kwenye pikapu, nikayashusha uani kwenye karakana yangu hapa Tanga, nikajiambia nitayapasua Jumamosi. Jumamosi ilipofika kila gogo lilikuwa na nyufa zilizotawanyika kama miale ya jua kutoka katikati hadi kwenye gome. Ufa mmoja ulimeza kisu changu mpaka kwenye mpini. Kwa hesabu zangu mwembe ule ungetoa mabakuli ishirini. Yalitoka manne.

Tangu siku hiyo, kila kipande kinachoniharibikia nakiandika kwenye daftari: mti gani, ulikatwa lini, ulikaa wapi, nini kilitokea. Kurasa zikijaa, jambo moja linajirudia. Tatizo huonekana kwenye mashine, lakini mara nyingi lilianza wiki ile ile mti ulipolazwa chini. Kwa hiyo hapa nitakwenda dalili moja baada ya nyingine, na kila mara nitarudi nyuma kutafuta lilikoanzia. Mifano mingi ni ya mwembe kwa sababu ndio unaokatwa zaidi majumbani kwetu, ila nitagusa pia mchungwa, mfenesi, mpera, mkwaju na mparachichi. Na nasema wazi kwamba inaniuma kuona shina la mwembe la miaka mingi linaishia kwenye tanuri la mkaa. Wachongaji wengi wa Kenya, baada ya muhugu na mpingo kuadimika, wameugeukia mwembe, mwarobaini na jakaranda. Nasi wakereza tuna kila sababu ya kufanya hivyo.

Nyufa kwenye ncha za gogo, siku chache baada ya kukata

Hii ndiyo dalili ya kwanza na ndiyo inayokula mbao nyingi kuliko zote. Mti ulipokuwa hai ulipandisha maji kupitia mirija midogo iliyolala kwa urefu wa shina. Ukiukata, umeifungua mirija hiyo pande zote mbili. Maji hutoka kwenye ncha kwa kasi mara kumi au zaidi kuliko yanavyotoka ubavuni. Ncha inakauka na kutaka kusinyaa, lakini sehemu ya ndani bado imejaa maji na haisogei. Ncha haina pa kwenda, inapasuka.

Dawa yake haingoji Jumamosi. Ziba ncha siku hiyo hiyo, ikiwezekana ndani ya saa moja baada ya msumeno kutoka. Rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo inafaa. Nta ya mishumaa iliyoyeyushwa ni bora zaidi. Gundi nyeupe ya mbao ukiipaka mara mbili nayo inashika. Paka ncha yote, na ushuke kidogo kwenye gome, sentimita mbili au tatu. Kama kuna tawi lililokatwa, kovu lake nalo ni ncha, usilisahau. Kisha liache gogo likiwa refu kadiri usafiri unavyoruhusu. Ukilikata vipande vifupi mapema umeongeza ncha, na kila ncha ni mlango wa ufa.

Kama umekuta nyufa zimeshaingia, usikate tamaa upesi. Kata kisahani chembamba cha sentimita mbili kutoka kwenye ncha, kishike kwa mikono miwili, kikunje kama unavyovunja kipande cha muwa. Kikivunjika kwenye mstari usiouona kwa macho, ufa bado upo. Kata kingine. Endelea mpaka upate kisahani kinachokataa kuvunjika. Mimi nimewahi kukata sita kabla ya kufika penye mbao nzima. Jicho peke yake hudanganya hapa, kwani ufa mwembamba hujifunga msumeno unapopita na kufunguka tena bakuli likiwa limeshakamilika nusu.

Ufa unaotoka katikati, hata ncha zikiwa zimezibwa

Angalia pale katikati kabisa ya gogo, kwenye kile kiini chembamba ambacho mti ulianzia ukiwa mche. Ukiacha kiini hicho ndani ya kipande utakachokereza, bakuli litapasuka kuanzia hapo, na nta haitakusaidia. Sababu ni kwamba mbao husinyaa zaidi kwa kufuata mzunguko wa pete za ukuaji wa mti kuliko kwa kufuata mstari unaotoka katikati kwenda kwenye gome, karibu mara mbili. Pete nzima inayokizunguka kiini inabanwa, na mwisho inaachia mahali pamoja.

Pasua gogo kwa urefu, msumeno ukipita katikati ya kiini. Kama ufa umeshajichorea njia, ufuate huo huo, umeshakuonyesha pa kupasulia. Halafu ondoa kiini chenyewe pamoja na sentimita mbili au tatu kila upande. Unabaki na nusu mbili, kila moja ni bakuli. Sehemu ya katikati uliyoiondoa inatoa vipini na miiko.

Mchungwa na mpera vinahitaji maneno mengine kidogo. Muheza wanajulikana kwa machungwa, na wakulima wanapong'oa michungwa iliyozeeka unapata mbao ngumu, laini kuguswa, ya rangi ya njano iliyopauka. Ila mashina yake ni membamba, na ukitoa kiini hakibaki kitu cha bakuli. Mimi simlazimishi mchungwa. Naupasua mara nne nikiwa naufuata urefu, naupanga kivulini, naukereza vipini vya patasi, michi midogo ya kutwangia viungo na fimbo za kusukumia chapati. Mpera vivyo hivyo.

Bakuli lilikuwa zima jioni, asubuhi limepasuka

Kama ulikereza mbao mbichi ukaiacha mezani, tafuta vitu viwili: upepo na unene.

Upepo kwanza. Bakuli lililoachwa kwenye mashine karibu na dirisha, au juani, au chini ya feni, linakauka nje haraka kuliko ndani. Hata ukienda kula chakula cha mchana, lifunike kwa maranda yake yenyewe au kwa kitambaa chenye maji.

Unene ndio wengi hawauangalii. Chukua bakuli lililopasuka, likate katikati kwa msumeno (limeshaharibika, halina hasara), utazame ukuta wake. Mara nyingi utakuta kitako kina sentimita nne na ukingo una mbili. Ukingo unakauka, kitako kinakataa, ufa unaingia kati yao. Kanuni ninayoitumia ni kuacha unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo, na unene huo uwe sawa kuanzia ukingoni hadi kitakoni. Bakuli la sentimita 28 linabaki na ukuta wa sentimita 2.8 kila mahali. Huu ni ukerezaji wa kwanza, wa kulitoa umbo tu. Wa pili unakuja bakuli likishakauka.

Baada ya hapo lipake nta kwenye zile sehemu mbili za ukuta ambako ncha za nyuzi za mbao zimejitokeza, liweke kwenye mfuko wa karatasi, jaza maranda makavu, funga mdomo, weka sakafuni penye kivuli. Mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri unatosha. Mfuko wa nailoni hapana, nitaeleza chini kwa nini.

Lini limekauka? Usikisie, pima. Mimi nina mizani ndogo ya jikoni. Kila Jumapili nalitoa bakuli, nalipima, naandika uzito kwa penseli kwenye kitako chake. Bakuli moja la ule mwembe wa shangazi lilianza na gramu 2,300. Mwezi wa kwanza lilishuka kwa kasi, wa pili polepole, na mwezi wa nne likasimama kwenye 1,420, wiki tatu mfululizo namba ile ile. Karibu gramu 900 za maji zilikuwa zimeondoka. Uzito ukisimama, hewa na mbao zimeelewana, na sasa unaweza kulirudisha kwenye mashine.

Lilikauka, likauzwa zima, likapasuka kwa mteja

Hii iliniumiza zaidi ya ile ya kwanza kwa sababu fedha ya mtu ilikuwemo. Bakuli lilikaa kwangu miezi mitano, uzito ulisimama, nikalimaliza vizuri. Mteja akaondoka nalo kwenda Dodoma. Baada ya wiki sita akanitumia picha: ufa kutoka ukingoni, urefu wa kidole.

Kosa halikuwa la mteja. Uzito kusimama maana yake mbao imeelewana na hewa ya mahali ilipo. Hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja ina unyevu mwingi, na mbao iliyotulia hapa bado ina maji ambayo Dodoma itayadai. Ni hivyo hivyo kwa vyombo vinavyobebwa kwenda Muscat au Dubai na kuwekwa sebuleni chini ya kiyoyozi mchana na usiku. Siku hizi namwuliza mteja chombo kinakwenda wapi. Kama kinakwenda bara kavu au kwenye kiyoyozi, nakihamishia kile kilichokerezwa mara ya kwanza kwenye chumba kikavu cha juu, chini ya mabati, kwa wiki kadhaa zaidi kikiwa bado ndani ya mfuko wake, na ukuta wa mwisho naufanya mwembamba, milimita 6 hadi 8, ili uweze kunyumbulika bila kupasuka.

Duara limegeuka yai

Hili si ugonjwa. Ni ule usinyaaji wa kutofautiana niliousema. Pima kipenyo kwa kufuata nyuzi, kisha kwa kuzikata nyuzi, utaona tofauti. Ndiyo maana tunaacha ukuta mnene mara ya kwanza, ili ukerezaji wa pili urudishe duara. Ukiona yai limezidi mpaka ukuta hautoshi, mara ijayo acha unene kidogo zaidi. Vyombo vyenye mfuniko usivijaribu kwa mbao mbichi hata kidogo, mfuniko hautaingia tena.

Unga mwepesi mezani, na vitundu kama vya sindano

Umeliinua bakuli, chini yake kuna kirundo cha unga laini kama wa ngano. Huyo ni bungua, mdudu mdogo anayetoboa mbao. Jike hutaga mayai kwenye zile nyama nyeupe za nje za mbao, na kiluwiluwi hula wanga uliohifadhiwa humo. Mwembe una sehemu nyeupe pana na wanga mwingi, ndiyo maana unapendwa. Moyo wa mfenesi na wa mkwaju haumvutii, lakini ile sehemu yao ya nje iko hatarini vile vile. Mparachichi ni laini, rahisi kukereza, na ndio unaoliwa upesi kuliko yote niliyoigusa.

Tundu unaloliona ni la mdudu kutoka, si la kuingia. Kazi ilishafanyika ndani zamani. Rudi nyuma: gogo lilikaa chini kwenye udongo? Liliachwa na gome lake kwa miezi? Mara nyingi jibu ni ndiyo kwa yote mawili. Gogo usilolipasua ndani ya wiki mbili livue gome, lipandishe juu ya matofali au mabanzi, lisiguse ardhi. Mchwa nao hawako mbali.

Bakuli lililokerezwa mara ya kwanza mimi hulichemsha. Sufuria kubwa, maji yalifunike lote, saa moja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kisha liachwe lipoe humo humo kwenye maji. Joto linaua mayai na viluwiluwi, na nimeona nyufa zikipungua pia. Baada ya hapo linaingia kwenye mfuko kama kawaida.

Kuna desturi ya mafundi ya kupaka oili chafu ya gari kwenye mbao ili kuzuia wadudu. Kwa nguzo ya uzio sina neno. Kwa bakuli la kuwekea matunda ya watoto, au mwiko, au kinu, usithubutu. Dawa za kuulia wadudu vile vile. Mbao inanyonya, na haitoi tena.

Michirizi ya kijivu na buluu

Umepasua gogo la mwembe ukitarajia rangi ya asali, umekuta mawingu ya buluu. Huo ni ukungu. Unapenda joto na unyevu, na masika, Machi hadi Mei, pwani yetu inaupa vyote. Ndiyo sababu nakataa nailoni: inafungia maji ndani na kuufuga ukungu kama kitalu.

Ukungu wa buluu unaharibu sura, nguvu ya mbao unaiacha karibu ilivyo. Ila unapouona jua kwamba uozo wenyewe unaweza kuwa nyuma yake. Jaribu kwa ukucha au ncha ya msumari. Ikibaki ngumu, ni rangi tu. Ikibonyea kama mkate, tupa. Na usishangae ukikuta mistari myeusi myembamba, kama imechorwa kwa kalamu, inayozunguka mabaka. Hiyo ni mipaka ambayo kuvu wenyewe huweka, na mwembe uliochorwa hivyo ukiwa bado mgumu ni miongoni mwa mbao nzuri kuliko zote nilizoshika. Ukereze ukiwa na barakoa ya vumbi inayobana vizuri puani.

Uso wa mbao umekuwa na manyoya

Zungusha bakuli polepole kwa mkono, pitisha kidole kwa nje. Litateleza, kisha litakwaruza, litateleza, litakwaruza tena. Sehemu mbili zinazokwaruza ndizo ambako patasi inazikabili ncha za nyuzi. Kwenye mwembe hali ni mbaya zaidi kwa sababu nyuzi zake hupishana, tabaka moja likiinamia huku na jingine kule.

Wengi hukimbilia msasa. Msasa hautoi mabonde ya nyuzi zilizonyofoka, unayazungushia vumbi tu. Tazama kwanza maranda yako. Bobari, ile patasi yenye makali ya mviringo, ikiwa kali inatoa maranda marefu yanayojikunja na kuruka juu ya bega, na sauti yake ni ya kuteleza, kama kuchana kitambaa kipya. Bobari butu inatoa vumbi na vipande vifupi, na unajikuta unaisukuma. Ukianza kusukuma, simama, nenda kwenye jiwe.

Halafu angalia unakoelekea. Nje ya bakuli, kata kutoka kitakoni kwenda ukingoni. Ndani, kutoka ukingoni kwenda katikati. Kwa kitu kirefu kama mguu wa meza, kila mara kutoka penye unene kwenda penye wembamba. Mafundi waliokereza miguu ya vitanda vya Lamu na Unguja walifuata njia hiyo hiyo, kwa sababu ndivyo kila uzi unavyoegemea uzi ulio chini yake wakati unakatwa.

Sehemu sugu ipake maji au mafuta kidogo, nyuzi zilainike, noa upya, pitisha mkato mmoja wa mwisho usiozidi milimita moja. Kisha ndipo msasa: 120, 180, 240, 320, bila kuruka namba.

Mashine inatetemeka

Kipande hakijasawazika. Gogo la mti wa uani halikui sawa, upande mmoja una maji mengi au umeoza ndani. Kikate kiwe mviringo kwa msumeno kabla ya kukifunga, sogeza mkia wa mashine, ile ncha ya upande wa pili, ukikandamize, anza chini ya mizunguko 500 kwa dakika kwa kipande cha sentimita 30. Kama kilikuwa kimetulia kisha kikaanza kutetemeka ghafla, zima mara moja. Ama skrubu zimelegea ama ufa unafunguka. Usisimame mbele yake, simama pembeni, na ngao ya uso iwe usoni, si mezani.

Mikono inawasha, mbao inapata madoa meusi

Mwembe na mkorosho ni ndugu, na utomvu wa ndugu hao huwasha ngozi za baadhi ya watu. Vaa mikono mirefu iliyobana, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa uso. Mfenesi hauwashi namna hiyo, ila ulimbo wake hushika kwenye makali ya patasi. Futa kwa mafuta ya kupikia.

Madoa meusi ya buluu yanayotokea mbao mbichi ilipoguswa na chuma ni kitu kingine kabisa. Mbao ina asidi ya asili ile ile inayotumika kusindikia ngozi za wanyama, na ikikutana na chuma penye maji inatengeneza wino. Paka maji ya limau, subiri, suuza, rudia. Madoa mengi huondoka. Na ufute mashine yako jioni, kwa sababu asidi hiyo hiyo inakula chuma.

Bakuli limemalizika lakini linanata

Uliza ulipaka mafuta gani. Mafuta ya nazi hayagandi kamwe, na ya alizeti hukawia sana, hukamata vumbi na baadaye kunuka. Kwa vyombo vya chakula natumia mafuta mabichi ya kitani, tabaka tatu nyembamba, kila moja nikiifuta mpaka kitambaa kitoke kikavu, nikisubiri siku kadhaa kati ya tabaka na tabaka, na mwisho nta ya nyuki. Nta ya Tabora ndiyo ninayoipenda, ina harufu ya miombo. Linalonata tayari, lifute kwa tapentaini, liache wiki nzima penye hewa, kisha anza upya kwa kiasi kidogo.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje ukavirundika kwenye kona ya karakana. Yanapokauka yanatoa joto, na kirundo kinaweza kuwaka chenyewe usiku. Vikunjue uvianike nje kwenye kamba kimoja kimoja, au vitose kwenye ndoo ya maji kabla ya kufunga mlango.